Usipange timu ya Ashes kwa wastani wa ligi

Mkuu, usilipie hiyo timu kwanza. Umeuliza kati ya ligi mbili za kriketi, County Championship ya Uingereza na Sheffield Shield ya Australia ipi ngumu, kumbe tayari umeshapanga wachezaji wa kubashiria Ashes (mechi za Testi, yaani za kimataifa za siku tano, kati ya Uingereza na Australia) kwa kulinganisha wastani wao wa ligi, yaani kwa mpigaji, mikimbio (pointi) kwa kila mara anapotolewa. Hapo kwenye wastani ndipo nilipoliwa mimi.

Ilikuwa Ashes ya 2021-22 kule Australia. Kwenye grupu letu kulikuwa na mchambuzi mmoja wa majedwali ya rangi rangi, akatuhakikishia kwamba mikimbio ni mikimbio, popote ilipopigwa. Nikamweka Haseeb Hameed, mpigaji wa kufungua wa Uingereza, kwa sababu alikuwa amepiga vizuri kwenye County yake, Nottinghamshire. Mechi nne, mikimbio 80, wastani 10. Uingereza ikapigwa 4-0 na hela yangu ikaenda nayo. Yule bwana hadi leo hajasema hata pole, na bado anawauzia watu majedwali! Inaniuma, kwa sababu kitu alichokiacha hakihitaji hata hesabu: ligi hizi mbili hazitumii mpira wa aina moja.

County wanarusha mpira wa kampuni ya Dukes. Mshono wake unabaki umesimama na mng'ao unadumu, na Aprili pichi ina unyevu, kwa hiyo hata mrushaji wa kasi ya kawaida anauchezesha mpira. Darren Stevens wa Kent alikuwa anavuna wiketi (kuwatoa wapigaji) kwa namna hiyo akiwa amevuka miaka 40. Shield ni mpira wa Kookaburra. Baada ya ova ishirini hivi (kila ova ni mirusho sita) mshono umelala, jua kali, pichi ngumu. Hapo mrushaji asiye na kasi, mdundo au subira ya kweli anapigwa kutwa nzima. Na mpigaji aliyezoea mpira wa kupinda chini, huku unamfika kifuani.

Halafu angalia nafasi. Shield ina majimbo 6, yaani wachezaji 66 uwanjani kwa raundi. County zipo 18, hao ni 198. Nafasi za Shield ni chache, kwa hiyo ushindani ni mkali. Ndiyo maana Michael Hussey, mpigaji wa Australia, alipiga mikimbio zaidi ya 15,000 ya daraja la kwanza (mechi za siku nyingi, zikiwemo za ligi hizi mbili), maelfu kadhaa akiwa huko huko County, ndipo Australia ikamwita kwenye Testi 2005. Akamaliza Testi na wastani wa 51. Graeme Hick wa Uingereza, aliyechezea County ya Worcestershire, alifikisha mikimbio mia au zaidi mara 136 kwenye daraja la kwanza. Kwenye Testi wastani wake ni 31.

Kwa hiyo kabla hujasoma wastani wowote, uliza: mpira gani, pichi gani, mwezi gani, na kama ni County, divisheni ya kwanza au ya pili? Ukikosa jibu hata moja, mtoe huyo mchezaji.

Weka orodha yako hapa leo tuipitie. Kama una mrushaji ambaye wiketi zake zote ni za Aprili na Mei, mimi ningemtoa sasa hivi.