Usitafsiri Jina la Mahakama: Niliyojifunza Bronx

Shemeji yangu, ambaye ni dereva wa teksi hapa New York, alinipigia simu saa nne usiku kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Alikuwa ameshika karatasi iliyoandikwa juu kabisa, kwa herufi kubwa, "Supreme Court of the State of New York, County of Bronx", na kwa Kiingereza alichokuja nacho kutoka Tanga alikuwa ameshaitafsiri: mahakama ya juu kuliko zote. Miezi kadhaa nyuma aligongana na gari jingine, na sasa aliamini kwamba shauri lake limepanda ngazi zote bila yeye kuitwa, na kwamba kilichobaki ni kusomewa hukumu.

Kumbe lilikuwa halijaanza. Katika jimbo la New York, Supreme Court ndiko mashauri makubwa yanakofunguliwa na kusikilizwa kwa mara ya kwanza, na kila kaunti kati ya 62 za jimbo hili inayo. Atakayeshindwa hapo hukata rufaa kwenye Appellate Division, iliyogawanywa katika kanda nne (Bronx na Manhattan, sehemu mbili za Jiji la New York, ziko kanda ya kwanza), na juu ya hiyo ipo Court of Appeals iliyoko Albany, yenye majaji saba, ambayo ndiyo ya mwisho katika jimbo. Jina Supreme Court ni la tangu 1691, enzi za ukoloni wa Mwingereza; Court of Appeals ilipoanza kazi mwaka 1847, ile ya chini haikunyang'anywa jina lake la fahari. Hata vyeo vimepinduka, kwa kuwa jaji wa Supreme Court huitwa Justice, wakati wale saba wa Albany huitwa Judge tu.

Mtanzania akituliza akili ataelewa haraka kuliko Mkenya, kwa sababu kwetu pia kilele ni Mahakama ya Rufani, wakati Mkenya, tangu Katiba ya 2010, anayo Mahakama ya Juu iliyo juu ya Mahakama ya Rufaa. Maryland ilichoshwa na mkanganyiko wa aina hii: wapiga kura wakakubali, na Desemba 2022 Court of Appeals yao ikabadilishwa jina na kuwa Supreme Court of Maryland. Kwa hiyo usiyachukue ninayoyasema hapa ukayapeleka jimbo jingine. Texas, kwa mfano, ina mahakama mbili za mwisho, moja ya madai na nyingine ya jinai.

Usiku ule tulifanya jambo ambalo ningemshauri yeyote afanye kabla ya kulia. Tulisoma karatasi kwa mpangilio: mahakama gani, kaunti gani, nani mdai, nani mdaiwa, namba ya shauri ipi, na siku ngapi za kujibu. Huku, kwa kawaida, aliyekabidhiwa wito mkononi ndani ya jimbo ana siku 20 za kujibu, na aliyefikishiwa kwa njia nyingine huwa na 30. Akinyamaza, mdai anaweza kuomba hukumu ya upande mmoja. Kesho yake asubuhi shemeji aliipeleka karatasi kwa kampuni yake ya bima, ambayo ndiyo iliyomwekea wakili. Hofu ya jina ingemfanya aifiche chini ya godoro hadi siku ziishe, na hilo ndilo lingemmaliza.

Kosa jingine lilikuwa langu, na bado linaniuma. Mama mmoja, jirani yangu, alitaka talaka, nami kwa kujiamini nikamwelekeza Family Court, kwani jina si linasema lenyewe? Alipoteza ujira wa siku nzima akisubiri kwenye foleni, kisha karani akamweleza kwa upole kwamba talaka hutolewa na Supreme Court peke yake. Family Court hushughulikia matunzo ya watoto, mtoto akae na nani, na amri za ulinzi kwa anayepigwa au kutishiwa nyumbani, lakini haiwezi kuvunja ndoa. Baya zaidi, majengo hayo mawili yako karibu karibu kwenye mtaa wa 161, kiasi kwamba angeweza kwenda kwenye jengo sahihi kwa miguu kama ningemwambia ukweli.

Mirathi nayo ina mahakama yake, Surrogate's Court, jina ambalo halimwambii mgeni chochote. Madai ya hadi dola 50,000 ndani ya Jiji la New York yanaweza kwenda Civil Court, na kesi za mwenye nyumba na mpangaji zina kitengo chao humo humo.

Ukifika dirishani, kabla hujaulizwa jina, sema kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili. Mahakama humtoa bila malipo, ila kumpata huweza kuchukua muda, na mtoto wako wa shule hapaswi kufanya kazi hiyo.

Shauri la shemeji lilimalizwa na bima kwa makubaliano, hata hakusimama mbele ya jaji. Kwa watu wa Tanga, hata hivyo, mpaka leo anasimulia kwamba alishtakiwa Supreme Court ya Marekani akatoka salama, nami huwa namwacha.