Zwide alishindwa, Songea ikapata Wangoni: maswali na majibu

Wiki iliyopita niligusia vita ya mto Mhlatuze, mwaka 1819 au karibu na hapo, ambako Shaka wa Wazulu alimvunja nguvu hasimu wake mkubwa, Zwide kaLanga, mfalme wa Wandwandwe. Maswali yamemiminika, mengi kutoka Ruvuma, na wala sishangai.

Huyo Zwide alikuwa nani hasa? Kwenye filamu anaonekana kama mchawi tu. (Msomaji, Morogoro)

Filamu haziendi bila mtu mbaya, na Zwide alishaandaliwa: mama yake, Ntombazi, anasimuliwa kuwa alitunza nyumbani kwake mafuvu ya wafalme waliouawa na mwanawe. Weka mafuvu kando. Mwaka 1817 hivi hakukuwa na mtawala mwenye nguvu kumzidi Zwide katika nchi iliyo kusini mwa mto Phongolo. Alikuwa amemfukuza Sobhuza kuelekea kaskazini, yule ambaye uzao wake unatawala Eswatini hadi leo, kisha akamkamata na kumuua Dingiswayo wa Wamthethwa, bwana na mlezi wa Shaka. Shaka mwenyewe wakati huo alikuwa ameurithi usultani mdogo wa baba yake kwa mwaka mmoja au miwili tu. Kwa hiyo tusisome historia kinyumenyume. Zwide ndiye aliyekuwa dola, na Shaka alikuwa jirani msumbufu.

Tulifundishwa kwamba Shaka alishinda kwa sababu ya mkuki mfupi. Ni kweli? (Mwalimu, Dodoma)

Mwalimu wangu naye alituchorea ubaoni: mkuki mfupi, ngao ndefu, jeshi lenye umbo la kichwa cha nyati, pembe mbili zinazunguka na kifua kinasukuma. Si uongo. Ila vikosi vya vijana wa rika moja havikuanza na Shaka. Dingiswayo alikuwa navyo, Zwide pia. Ukiwapambanisha watu wenye silaha zinazokaribiana, mkuki peke yake hautoi jibu.

Kilichowamaliza Wandwandwe ni njaa na miguu. Jeshi la Zwide lilipoingia nchi ya Wazulu, Shaka hakusimama kupigana. Alirudi nyuma, watu wake wakiwa wameswaga ng'ombe mbali na kuyaondoa mazao, ili adui asikute hata punje ghalani. Wandwandwe wakafuata siku kadhaa, wakizidi kujiweka mbali na chakula chao. Usiku, wanasimulia wazee, wapiganaji wa Shaka walijipenyeza kambini kwao gizani wakawachoma waliolala. Jeshi likawa haliaminiani tena. Lilipogeuza kurudi nyumbani, limechoka na lina njaa, Shaka akalipiga huko Mhlatuze.

Kisha ikaja sehemu ninayoipenda zaidi. Kikosi cha Wazulu kilikimbilia nyumbani kwa Zwide kikiimba nyimbo za ushindi za Wandwandwe. Wenyeji wakatoka kupokea mashujaa wao. Zwide aliponyoka, Ntombazi hakuponyoka, na simulizi la fisi aliyefungiwa naye ndani sitalirudia hapa kwa sababu baadhi yenu mnasoma mkila.

Mengi ya haya yametoka vinywani mwa wazee wa Kizulu walioketi na James Stuart, hakimu wa kikoloni huko Natal, miaka kama 80 baada ya vita. Yapokee kwa kadiri hiyo.

Walikufa wangapi?

Hakuna aliyehesabu. Ukikutana na tarakimu kamili mtandaoni, muulize mwenyewe aliitoa wapi.

Kushinda ni siku moja. Aliushikaje ufalme baada ya hapo? (Msomaji, Mombasa)

Swali zuri kuliko yote, na ndilo linaloulizwa mara chache. Ushindi wa Mhlatuze haukumaliza hata habari ya Wandwandwe wenyewe. Zwide alijikusanya upya kaskazini, akafa karibu 1825, na mwanawe Sikhunyana akarudi na jeshi. Shaka alimshinda mwaka 1826, mbele ya macho ya wafanyabiashara wa Kiingereza waliokuwa wameweka kituo Port Natal, Durban ya leo. Hapo ndipo upande wa kaskazini ulipotulia.

Ndani ya nchi, kazi ilifanywa na rika. Kijana hakubaki kijijini kwa baba yake na kwa chifu wake. Aliitwa pamoja na wenzake wa umri mmoja, kutoka koo mbalimbali, akaishi kwenye kambi ya mfalme, akachunga ng'ombe wa mfalme, akala kwa mfalme. Kuoa alisubiri ruhusa ya mfalme. Wasichana nao walikuwa na rika zao, wakisubiri vilevile. Ukiwashika vijana, ng'ombe na ndoa, chifu wa ukoo anabaki na nini mkononi? Heshima tu.

Machifu hakuwafuta wote. Wengine aliwaacha, kwingine akaweka anayemtaka yeye: Wamthethwa walipewa Mlandela. Kambi ya ebaQulusini, huko kaskazini-magharibi, aliikabidhi kwa shangazi yake Mnkabayi, mwanamke aliyeogopwa na wanaume wengi wa ikulu. Shangazi huyohuyo anatajwa katika njama ya Septemba 1828, Shaka alipouawa na ndugu zake Dingane na Mhlangana wakisaidiwa na Mbopha, mtumishi wake wa karibu. Muda mfupi baadaye Nqetho wa Waqwabe aliasi na kuondoka na watu wake. Ndiyo maana nasita kusema ufalme ule ulikuwa umeshikana barabara. Ulishikana palipokuwa na kambi.

Babu alituambia sisi Wangoni tulimkimbia Shaka. Je, sisi ni Wazulu? (Mjukuu, Songea)

Babu hakudanganya, ila alifupisha. Zwide aliposhindwa, wakuu waliokuwa chini yake walitawanyika. Soshangane akajenga dola ya Gaza, Msumbiji. Zwangendaba, wa ukoo wa Jere, akapanda kaskazini na kuvuka Zambezi tarehe 20 Novemba 1835. Tarehe tunaijua kwa sababu jua lilipatwa siku hiyo. Alifika Ufipa, akafia huko yapata 1848, na watu wake wakagawanyika: wengine Malawi, wengine Zambia, wengine wakashuka hadi Ungoni. Kundi la Maseko lilifika kwenu kwa njia yake lenyewe.

Kwa hiyo mababu zako waliotoka kusini walikuwa upande wa aliyeshindwa na Shaka. Nao walikuwa wachache. Njiani waliwazoa Wakaranga, Watonga, Wasenga, na walipofika wakawaingiza Wandendeule, kwa dawa ileile: kijana anatolewa kwao, anatiwa kikosini, anapewa nduna (kiongozi wa kikosi), anakuwa Mngoni. Lugha haikusafiri vizuri hivyo. Mzulu wa Durban akisikia Kingoni cha Peramiho atahitaji mkalimani. Neno *nkosi*, yaani mfalme, atalitambua, na *nduna* pia, cheo alichokuwa nacho Songea Mbano, ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1906 wakati wa Majimaji na mji wenu ukabaki na jina lake.

Na Watuta wa huku kwetu? (Kahama)

Haohao. Ni tawi lililopanda kaskazini baada ya Zwangendaba kufa, likapita Ziwa Tanganyika hadi Unyamwezi. Mirambo alipokuwa akijenga dola yake Urambo, alifanya nao urafiki na kupigana pamoja nao.