Chanjo ya DNA ya homa ya nguruwe: je, ipo?

SWALI: Shikamoo daktari. Nafuga nguruwe Muheza, nina majike sita na vitoto vyao, na nilisomea stashahada ya afya ya mifugo pale Buhuri. Hivi karibuni kuna mtu amepita kijijini kwetu akichoma sindano anayoiita “chanjo mpya ya DNA” ya homa ya nguruwe, shilingi elfu kumi kwa kichwa. Majirani wawili wameshachomesha. Je, chanjo hiyo ipo kweli? Kama haipo, kwa nini inachelewa hivi wakati corona ilipata chanjo ndani ya mwaka mmoja? Na hapa nchini haiwezi kutengenezwa?

JIBU: Marahaba. Nianze na lisiloweza kusubiri: usimruhusu mtu huyo aingie bandani kwako, na waambie majirani wasimruhusu tena. Hakuna chanjo ya DNA ya homa ya nguruwe ya Afrika iliyosajiliwa popote duniani. Sijui ndani ya kichupa chake mna nini. Ninachojua ni kwamba damu ya nguruwe mwenye homa hii imejaa virusi, na sindano moja inayochoma banda hadi banda inatosha kuugawa ugonjwa kijiji kizima. Nguruwe wa majirani zako wafuatiliwe kwa makini kwa wiki tatu, kwa sababu tangu kuambukizwa hadi dalili kuonekana huchukua siku 4 hadi 19. Katika muda huo asiuzwe hata mmoja.

Jambo lingine ni kwamba kuna chanjo halali za homa ya nguruwe ya klasiki, zinazotumika sana Asia. Hizo zinaweza kuletwa huku na kuuzwa kwa jina la “swine fever”. Virusi vya magonjwa haya mawili havina undugu wowote, na chanjo ya klasiki haimkingi nguruwe dhidi ya homa ya Afrika, ambayo ndiyo tunayo huku, hata kidogo.

Sasa tuingie kwenye sayansi yenyewe, maana umeuliza kama mtu aliyesoma.

Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walidunga DNA tupu, yaani vinasaba vyenye maelekezo ya kutengeneza protini, kwenye misuli ya panya, wakaona seli za msuli zinatengeneza protini iliyoandikwa ndani ya DNA ile. Chanjo za DNA zilianzia hapo. Tunachukua plasmidi, yaani duara dogo la DNA linalozalishwa ndani ya bakteria, tunapachika humo jeni (kipande cha DNA chenye maelekezo ya protini) moja au mbili za kirusi, na mbele yake tunaweka kipande cha kuwashia jeni hizo ndani ya seli ya mnyama. Tunamdunga nguruwe. Plasmidi ikifika kwenye kiini cha seli, seli inaanza kutengeneza protini ya kirusi, kisha inaonyesha vipande vyake kwenye ngozi yake ya nje. Mfumo wa kinga unaviona na kujifunza adui alivyo, ingawa hakuna kirusi hai kilichoingia mwilini.

Faida zake ni kubwa kwa mazingira yetu. Plasmidi haiwezi kugeuka ugonjwa. DNA huvumilia joto kuliko chanjo nyingi za virusi hai, jambo lenye thamani kwa mtu anayebeba kiboksi cha barafu kwa pikipiki kutoka Tanga mjini hadi Maramba. Na kwa kuwa tumeweka jeni chache tu, kipimo cha maabara kinaweza kumtofautisha nguruwe aliyechanjwa na aliyeambukizwa. Tena kirusi chenyewe si lazima kiwe cha DNA. Homa ya klasiki husababishwa na kirusi ambacho vinasaba vyake ni vya RNA, si DNA, lakini plasmidi yenye jeni ya protini yake ya juu, inayoitwa E2, ilitosha kuwalinda nguruwe katika majaribio. Njia hiyo imejaribiwa pia kwa ugonjwa wa Aujeszky (nao ni wa virusi), mafua ya nguruwe na ugonjwa wa miguu na midomo.

Kwa nini basi homa ya Afrika imekataa? Linganisha na corona. Kirusi cha corona kina protini moja ya juu ambayo kingamwili, yaani protini za kinga zinazoshika vijidudu, zikiishika, kirusi hakiingii kwenye seli. Protini hiyo ilikuwa inajulikana tayari kutokana na milipuko ya SARS na MERS, magonjwa ya virusi vya jamii hiyo hiyo, kwa hiyo watu hawakuanzia sifuri. Kirusi cha homa ya nguruwe ya Afrika ni kikubwa ajabu: kina jeni zaidi ya 150, na nyingi kati ya hizo kazi yake haijaeleweka. Huzaliana ndani ya makrofaji, seli zile zile ambazo zingepaswa kukimeza na kutoa tahadhari, na jeni zake kadhaa zina kazi ya kuzima kengele za kinga. Kingamwili peke yake hazikizuii vya kutosha. Kuchagua jeni mbili kati ya hizo 150 na kutarajia kinga kamili ni sawa na kumpa mlinzi picha ya kifungo cha shati la mwizi.

Hata hivyo hapo hapo ndipo matumaini yangu yalipo, na nitakueleza sababu. Mwaka 2005 kulichapishwa utafiti wa nguruwe waliokuwa wamepata kinga kwa kirusi dhaifu. Walipoondolewa seli T za aina ya CD8, zile zinazoua seli zilizoambukizwa, kinga yao ilipotea. Maana yake ni kwamba anayemwokoa nguruwe ni seli T zaidi ya kingamwili. Na chanjo ya DNA, kwa kuwa protini inatengenezwa ndani ya seli yenyewe, huamsha seli T za namna hiyo hasa.

Watafiti wa Barcelona, Hispania, waliifuata njia hiyo kwa uvumilivu ninaouheshimu sana. Walianza na protini mbili maarufu, p30 na p54. Nguruwe walitoa kingamwili nyingi, na bado wakafa walipoambukizwa. Wakabadili mbinu: wakaongeza jeni ya protini ya tatu, na zote wakaziunganisha na yubikwitini, kijiprotini ambacho seli hukitumia kuweka alama kwenye protini za kuvunjwavunjwa. Protini ikivunjwa haraka, vipande vyake vingi huonyeshwa kwa seli T. Mwaka 2012 walitangaza kwamba baadhi ya nguruwe walipona kwa chanjo hiyo, tena bila kingamwili zozote kuonekana kabla ya kuambukizwa. Mwaka 2014 walienda mbali zaidi. Badala ya kuchagua jeni, walikata DNA ya kirusi vipande vipande, wakatengeneza mkusanyiko wa maelfu ya plasmidi na kuwachanja nguruwe kwa mkusanyiko huo. Sita kati ya kila kumi walinusurika.

Kwa mtafiti hayo ni matokeo mazuri. Kwa mfugaji mwenye majike sita ni kupoteza mawili au matatu, na wanaonusurika wanaweza kubaki na virusi kwa muda. Huwezi kuisajili chanjo ya namna hiyo, wala nisingependa isajiliwe. Kazi iliyobaki ni kubaini ni vipande gani hasa vilivyowaokoa wale walionusurika.

Ugumu mwingine ni ukubwa wa mnyama. Panya hutosheka na maikrogramu chache za DNA kwa sababu msuli wake ni mdogo. Kwa nguruwe unahitaji mamia ya maikrogramu, wakati mwingine miligramu nzima, na bado sehemu kubwa ya DNA hubaki nje ya seli na kuharibiwa na vimeng’enya. Ndiyo maana hutumika vifaa vya kusukuma dawa kwa shinikizo bila sindano, au mapigo mafupi ya umeme yanayofungua utando wa seli kwa muda mfupi. Usidhani ni ndoto ya maabara: Australia mwaka 2008 iliidhinisha plasmidi ya homoni kwa nguruwe majike, inayodungwa kwa kifaa cha umeme. Marekani ilisajili chanjo ya DNA ya homa ya West Nile kwa farasi mwaka 2005, Kanada mwaka huo huo ikasajili ya samaki aina ya salmoni, na India mwaka 2021 ikaidhinisha ya corona kwa binadamu. Njia inafanya kazi. Kilichokosekana ni jeni sahihi kwa ugonjwa huu.

Utasikia pia kwamba Vietnam wana chanjo. Ni kweli, tangu 2022, lakini ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa kwa kuondolewa jeni, si ya DNA. Mimi siishabikii kuletwa huku kwa sasa. Ureno na Hispania zilijaribu virusi hai miaka ya 1960, wakaishia na nguruwe wengi wenye ugonjwa sugu. Isitoshe, chanjo ya Vietnam imetokana na kirusi cha kundi la II, moja ya makundi ambamo virusi hivi hugawanywa kwa vinasaba vyao. Kundi hilo tunalo, lilionekana kusini magharibi mwa nchi mwaka 2010, lakini Tanzania ina makundi mengine pia, na kinga ya kundi moja mara nyingi haivuki hadi jingine.

Kuhusu kutengeneza hapa nchini: kukuza plasmidi ndani ya bakteria na kuisafisha si kazi ya kutisha. Kituo cha chanjo cha Kibaha, chini ya Wakala ya Maabara ya Veterinari, tayari kinatengeneza chanjo za kideri, kimeta na chambavu, na Chuo Kikuu cha Sokoine kimekuwa kikichunguza vinasaba vya kirusi hiki kwa miaka mingi. Kinachotubana ni mahali pa kujaribia. Kila jeni unayoidhania lazima uwachanje nguruwe, kisha uwaambukize kirusi hai ndani ya jengo lisilovujisha kitu, si hewa, si maji, si kinyesi. Majengo hayo ni ghali kuyajenga na ghali zaidi kuyaendesha. Fedha zikipatikana, ningeziweka huko kabla ya mashine za kuzalishia.

Hapo ndipo na wewe wa Muheza unapoingia, na simaanishi kwa maneno tu. Orodha ya jeni haiwezi kuchaguliwa kwa kutazama virusi vya Georgia na China peke yake. Tunahitaji vya kwetu: vinavyopita Segera na nguruwe wa biashara, na vilivyoko kwa ngiri na kupe laini wa Mkomazi na Saadani. Lakini nguruwe wengi hufa, wakachinjwa haraka na kuuzwa bucha kabla mtu hajachukua hata tone la damu. Ukiona nguruwe wamelala wakiwa na homa kali, ngozi ya masikio na tumbo imekuwa nyekundu au ya zambarau, na vifo vinafuatana, mpigie afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo. Mzoga usiupasue mwenyewe, maana damu itasambaa bandani. Daktari wa wilaya atachukua damu kwenye kichupa chenye dawa ya kuzuia kuganda, pamoja na kipande cha bandama, vikae kwenye barafu hadi maabara. Kisha mzoga uzikwe shimo refu hapo hapo.

Kwa leo banda lako lilindwe hivi: mabaki ya hoteli yachemshwe nusu saa nzima yakitokota, mgeni yeyote asiingie na viatu vyake, nguruwe mpya akae peke yake wiki tatu, na kila nguruwe achomwe kwa sindano yake. Kabla ya kupulizia dawa ya kuua virusi, osha banda kwa sabuni hadi kinyesi chote kitoke, kwa sababu dawa haipenyi uchafu. Na kile kichupa cha yule muuzaji, kama jirani yako bado anacho, kipeleke kwa daktari wa wilaya kikiwa na lebo yake.