Maswali yenu kuhusu Henry Laurens

Tangu nimtaje Henry Laurens wa South Carolina, mkulima wa mpunga aliyewahi kuwa rais wa Kongresi ya Bara (bunge la makoloni ya Marekani yaliyokuwa yakipigania uhuru kutoka kwa Uingereza) kati ya 1777 na 1778, maswali yamekuwa mengi. Nayajibu machache.

Utajiri wake ulitoka wapi?

Kwa kuuza watu. Alizaliwa Charleston mwaka 1724, na kampuni aliyoiendesha na mwenzake ilipokea meli za watumwa kutoka Afrika Magharibi na kuwauza kwa kamisheni. Miaka ya 1750 pekee, Waafrika zaidi ya 8,000 walipitia mikononi mwake. Faida hiyo ndiyo iliyomnunulia mashamba, likiwemo Mepkin kando ya mto Cooper. Wasifu wake ukianzia kwenye siasa, watu hao husahaulika.

Mpunga wenyewe nani aliulima?

Waafrika, na waliujua kuliko mabwana zao. Wanunuzi wa Carolina waliwatafuta hasa watu wa Gambia na Sierra Leone, wazoefu wa mpunga. Kuchimba mifereji ndani ya matope, kuyazuia maji ya chumvi, kutwanga kwa kinu na mchi, kupeta: zote zilikuwa kazi zao.

Ni kweli alifungwa London?

Ndiyo. Mwaka 1780 alikuwa njiani kwenda Uholanzi kutafuta mkopo Waingereza walipoikamata meli yake karibu na Newfoundland. Alitupa nyaraka baharini, mabaharia wakaziopoa. Akawekwa Mnara wa London kwa tuhuma za uhaini hadi Desemba 31, 1781.

Na kwamba aliusia mwili wake uchomwe moto?

Kweli, na wakafanya hivyo Mepkin, Desemba 1792. Aliogopa kuzikwa hai.

Nimesoma kwamba aliuchukia utumwa. Mbona hulisemi hilo?

Agosti 1776 alimwandikia mwanawe John kwamba anauchukia. Naamini alimaanisha. John aliyachukua maneno hayo kwa uzito kuliko baba: alitaka liundwe jeshi la watumwa watakaopigana na kupewa uhuru. Kongresi ikaridhia mwaka 1779, South Carolina ikakataa. Agosti 1782 John akauawa vitani.

Miezi mitatu baadaye, baba huyu aliyefiwa aliwasili Paris mazungumzo ya amani yakikaribia kufungwa. Upande wa Uingereza aliketi Richard Oswald, mmoja wa wamiliki wa ngome ya watumwa ya kisiwa cha Bunce, Sierra Leone. Ndiye aliyekuwa akimpelekea Laurens shehena za watu, na ndiye aliyemwekea dhamana alipotoka Mnarani. Laurens akaomba kiongezwe kifungu kimoja: majeshi ya Uingereza yakiondoka, yasichukue watu weusi wala mali nyingine za Wamarekani. Oswald akakubali. Maelfu waliokuwa wamekimbilia kwa Waingereza kwa ahadi ya uhuru wakaandikwa kuwa mali, na wawili waliotajirika kwa kuuza wenzao. Ile barua ya 1776 siwezi tena kuisoma bila kukikumbuka kifungu hiki.

Jenerali Guy Carleton, kamanda wa majeshi ya Uingereza, alikataa kuwarudisha. Mwaka 1783 watu weusi wapatao 3,000 waliondoka New York kwa meli, majina yao yakiandikwa kitabuni mmoja mmoja. Baadhi yao walivuka tena bahari kutoka Nova Scotia, Kanada, walikokuwa wamepelekwa, na kuuanzisha mji wa Freetown mwaka 1792, mwaka uleule aliofariki Laurens, si mbali na Bunce.