Unasoma sana, alama hazipandi? Majibu kwa wanaojiandaa na mtihani

Nasoma daftari la Biolojia mara nne au tano, lakini kwenye chumba cha mtihani sikumbuki kitu. Shida ni nini?

Ukirudia ukurasa ule ule, macho yanauzoea nawe unadhani umeelewa. Mtihani unakutaka utoe jibu huku ukurasa haupo, kwa hiyo zoea hilo hilo. Soma sehemu fupi kwa dakika 15 hivi, funga daftari, kisha andika kwenye karatasi tupu yote unayokumbuka, pamoja na michoro na majina ya sehemu zake. Fungua tena, ujaze ulichosahau kwa kalamu ya rangi nyingine. Yaliyojazwa kwa rangi hiyo ndiyo ya kusoma kesho, mengine yaache.

Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke wa Marekani walilinganisha njia hizi mbili. Dakika 5 baada ya kusoma, waliorudia kusoma waliongoza. Wiki moja baadaye, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Ndiyo maana kurudia daftari kunadanganya: faida yake huonekana jioni ile ile tu. Na kupaka mistari rangi ya njano, kwa maoni yetu, ni pambo.

Nirudie mada baada ya muda gani?

Kesho yake, kisha siku ya 3, ya 7 na ya 14. Kila mara anza kwa kujipima kabla ya kufungua daftari. Ukikosa mengi, rudi kwenye siku ya kwanza kwa mada hiyo.

Hisabati naielewa mwalimu akikokotoa ubaoni, ila nikiwa peke yangu nakwama hatua ya kwanza.

Kwa sababu ubaoni njia imeshachaguliwa na mwalimu. Chukua mfano uliokokotolewa, funika jibu, ujaribu mwenyewe. Ukikwama kwa dakika 5 hadi 10, funua mstari mmoja tu, funika tena uendelee. Kesho lirudie swali hilo bila msaada.

Pia changanya maswali ya mada tatu tofauti. Zoezi la mwisho wa sura limeshakuambia ni kanuni ipi itumike, mtihani hautakuambia.

Weka daftari la makosa, na kila kosa uliandikie sababu yake: sikujua, nilikosea kukokotoa, au nilisoma swali vibaya. La kwanza linatibiwa kwa kusoma, la pili kwa kuandika kila hatua, la tatu kwa kupigia mstari kile kinachoulizwa. Wengi hutibu yote kwa kusoma zaidi, na makosa yanabaki pale pale.

Muda huniishia kabla sijamaliza.

Gawa dakika kwa alama. Mtihani wa saa 3 wenye alama 100 una dakika 180. Toa 15 za kusoma maswali na kuhakiki, zinabaki 165. Swali la alama 20 lina dakika 33, zikiisha hamia lingine. Angalia pia kitenzi cha swali: “taja” hakihitaji aya nzima, “jadili” kinahitaji hoja za pande zote mbili. Zoea haya kwa mitihani ya miaka iliyopita, saa ikiwa mezani na daftari likiwa mbali.

Nikeshe usiku wa mwisho?

Hapana. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na ni usingizini ubongo huimarisha ulichosoma mchana. Jioni hiyo pitia daftari la makosa tu, andaa kalamu na rula, ulale.