Saguaro Inayochuruzika Maji Meusi

SWALI: Uani kwa nyumba tuliyopanga mjini Tucson, Arizona, kuna kaktasi aina ya saguaro iliyoipita nyumba kwa urefu. Juma lililopita niliona doa jeusi usawa wa kifua changu, linabonyea kwa kidole na kuchuruzika maji yanayonuka. Mume wangu huimwagilia kila jioni kwa sababu ya joto. Je, ina kiu?

JIBU: La, dada, hiyo si kiu. Mwombe mumeo aache kuimwagilia leo hii, kwa kuwa saguaro iliyokwisha kukomaa huishi kwa mvua, na mizizi yake, ambayo mingi haizidi kina cha sentimita 10 au zaidi kidogo, haivumilii udongo usiokauka.

Wanaoiozesha ni bakteria, ambao hupenya kupitia jeraha lililoachwa na baridi kali au na viwavi wa nondo wanaotoboa shina. Kigogota naye hutoboa, lakini msimlaumu upesi, maana mmea wenye afya hulizungushia tundu lake ukuta mgumu kiasi kwamba shina likifa na kuoza, ukuta huo hubaki. Joto nalo hudhoofisha: mwaka 2023 mji wa Phoenix, ulio Arizona hiyo hiyo, ulipitisha siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi, usiku nao ukawa wa moto, na saguaro, ambazo hufungua vinyweleo vyake usiku ili kuvuta hewa, zikaangusha matawi na nyingine zikaanguka zenyewe.

Kama doa bado ni dogo, chukua kisu kikali kilichosafishwa, ukwangue nyama yote iliyolainika mpaka ufikie iliyo ngumu, kisha uondoe na kidogo ya hiyo nzima. Osha kidonda kwa jiki, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, na mdomo wake wa chini uinamishe ili mvua isituame. Nakusihi usikizibe kwa saruji wala lami. Kinahitaji hewa kikauke na kufanya sugu. Doa lililokwisha kukauka lenyewe likawa gumu, liache.

Ikiwa uozo umezunguka sehemu kubwa ya shina, msiuguse. Mmea huo una uzito wa tani kadhaa, na sheria ya Arizona inaulinda, kwa hiyo mwarifu mwenye nyumba amwite mtaalamu, na watoto wasicheze chini yake mpaka atakapofika.