Kuanza mantiki: tangulia na jedwali la ukweli
Mdogo wangu, umeuliza kama unaweza kuanza kujifunza mantiki moja kwa moja na kazi za Gödel, yule mwanamantiki maarufu. Usianzie huko. Chukua treni ya reli ya kati inayotoka Dar: “Ikiwa imefika Kigoma, basi imepita Tabora.” Haijapita Tabora? Basi haijafika Kigoma. Hoja hiyo ni halali. Lakini ukisema imepita Tabora, kwa hiyo imefika Kigoma, umekosea, maana pale Tabora reli inagawanyika na huenda treni imeelekea Mwanza. Chora kwa mkono majedwali ya ukweli, yaani yanayoonyesha sentensi ni kweli au si kweli katika kila hali, mpaka hii “ikiwa... basi” isikubabaishe tena.

Kisha ndipo uchunguze mfumo wenyewe wa mantiki, yaani lugha yake na kanuni zake za kuthibitishia. Wengi hukwama hapa kwa kutotofautisha kuthibitisha ndani ya mfumo na kuthibitisha jambo kuhusu mfumo. Je, kila kinachothibitika ni halali, yaani kweli katika kila hali? Na kila kilicho halali kinathibitika? Hili la pili Gödel alilijibu “ndiyo” mwaka 1929, kwa mantiki ya daraja la kwanza, ile inayozungumzia vitu kwa “kila” na “kuna”. Matokeo yake ya 1931, yanayohusu hesabu na kweli zake ambazo mfumo hauwezi kuzithibitisha, ni mengine kabisa, usiyachanganye. Na induksheni (kuthibitisha la kwanza, kisha kuonyesha kila moja huleta linalofuata) uijue vizuri kwanza, tafadhali, kwa sababu karibu kila uthibitisho wa ngazi hiyo unaitegemea.